Risala ya kikundi cha fidla na viola, Lamu, siku ya kuwakumbuka wapiga viola na walimu wao

Mheshimiwa mgeni wetu wa heshima, wazee wetu wa mitaa, walimu, wazazi, mabibi na mabwana, Assalaam aleikum.

Kwa heshima na taadhima tunakukaribisha Amu. Umevuka kutoka Mokowe jua la saa saba likiwa utosini, na hukulalamika. Tumeliona hilo.

Mheshimiwa, leo tunawakumbuka watu ambao huketi katikati ya okestra na mara nyingi hakuna anayewataja. Viola ni kubwa kuliko fidla, nyuzi zake ni C, G, D na A, na ile C nene fidla haina. Lionel Tertis, aliyezaliwa Uingereza mwaka 1876, alifundisha Royal Academy of Music jijini London na akaifanya viola isimame peke yake mbele ya watu. Aliikataa konseto (muziki wa chombo kimoja mbele ya okestra) ya mtunzi Mwingereza William Walton, ikapigwa na Hindemith, mtunzi na mpiga viola wa Ujerumani, mwaka 1929. Baadaye alikiri kukosea, akaipiga. William Primrose wa Glasgow (1904–1982) aliacha fidla akashika viola, akaomba konseto kwa mtunzi wa Hungaria, Bartók, ambaye alifariki mwaka 1945 kabla ya kuimaliza. Primrose alifundisha Marekani na hata Japani. Mengine tunayaruka kwa kuchunga muda wako.

Kikundi chetu, bila kujisifu, ni nguzo ya muziki wa nyuzi katika pwani nzima ya kaskazini. Tumepiga kwenye harusi 4 na siku ya michezo ya shule 1, ingawa hiyo ilikatizwa na mvua.

Sasa tuje kwenye shida. Tuna viola 6, na 4 kati yake hazipigiki. Sababu ni unyevu. Viola hutaka hewa yenye unyevu wa kati ya asilimia 40 na 60, na Amu wakati wa masika haijui kiwango hicho. Mbao za viola huunganishwa kwa gundi ya ngozi, ambayo hulegea kwa unyevu na joto, na imekusudiwa hivyo: ubao wa juu ukivimba, kiungo hufunguka badala ya ubao kupasuka. Dawa yake ni kupasha gundi hiyohiyo ndani ya maji moto, isizidi nyuzi joto 60, kuipenyeza kwa kisu chembamba na kubana usiku kucha. Mafundi wetu wa milango hawana mpinzani, lakini hutumia gundi nyeupe, ambayo haiachii. Viola 1 iliyotiwa gundi hiyo ilipasuka ubao wa juu, ufa wa urefu wa kidole.

Ndani kuna kijiti ambacho Wafaransa na Waitaliano hukiita roho. Hakina gundi, kinashikiliwa na mkazo tu, nyuma kidogo ya mguu wa daraja (kibao kinachobeba nyuzi) upande wa uzi wa A. Mtoto akilegeza nyuzi zote pamoja, huanguka. Ndiyo maana hubadilishwa uzi mmoja baada ya mwingine. Nywele za upinde nazo hurefuka kwa unyevu. Mwanafunzi hukaza skrubu, upepo wa kaskazi ukija nywele hukauka na kufupika, ncha ya upinde ikavunjika. Pinde 3 zimekwenda hivyo. Uzi wa A wa chuma huota kutu kwa chumvi ya bahari.

Mheshimiwa, tunaomba kabati 1 la mbao lenye milango inayofunga sawasawa, mashine 1 ya kukausha hewa, vipimo 2 vya unyevu, seti 12 za nyuzi za viola (si za fidla, kama zilivyoletwa mara ya kwanza), gundi ya ngozi kilo 1, na nauli ya fundi mmoja wa vyombo aje kutoka Mombasa kwa siku 5 awafundishe vijana 2. Umeme tutalipa wenyewe.

Kabati hilo, Mheshimiwa, si ombi jipya. Mgeni aliyesimama hapo ulipo, mwaka juzi, aliahidi lingefika kabla ya Ramadhani. Tulimpigia makofi mpaka viganja vikauma. Ramadhani 2 zimepita. Ahadi ni deni, na deni hili limeanza kuota kutu pamoja na nyuzi. Hatukufananishi naye, hasha.

Tunaomba tu jibu lako kabla kahawa haijaletwa. Katibu ameketi kulia kwako, daftari liko wazi.

Wasalaam,
Kamati