Aksanti kwa papa wa Nyawera

Papa uliyenisaidia Nyawera, mtaa wa Bukavu, Jumanne jioni, sikukuuliza jina, na hilo linaniuma. Umeme ulikatika kompyuta yangu ikiwa katikati ya kusasisha Linux, mfumo unaoiendesha. Uliporudi, kioo kilibaki cheusi, na kazi yangu yote ya kumaliza masomo ilikuwa humo. Wengine walishaniambia nifute kila kitu nianze upya. Wewe ulibonyeza Ctrl, Alt na F3, ukaingia kwenye kioo cha maandishi matupu, ukaandika amri ya kumalizia programu, sudo dpkg --configure -a, ukangoja. Ukanieleza taratibu kwamba faili hazijapotea, ni programu tu zilizoachwa nusu njiani. Ulipoiwasha tena, GNOME, ile sura ya kawaida yenye madirisha, ikafunguka, kurasa zangu zote zipo! Ukakataa hata pesa ya soda. Aksanti sana, papa, Mungu akuzidishie.