Kwa mdogo wangu, kuhusu ile pete ya fuvu

Mdogo wangu,

Siku ile ulinishika mkono, ukaiona pete, ukauachia kama umeshika kaa la moto. "Hicho ni nini? Fuvu?" Nikacheka, nikageuza mazungumzo, maana jibu lilikuwa refu na wewe ulikuwa na haraka zako. Basi leo nakujibu.

Si uchawi, wala sijajiunga na kundi lolote. Huko Ulaya, karne ya 16 na ya 17, watu walivaa pete za mafuvu, nyingine zimechorwa maneno ya Kilatini, memento mori, yaani kumbuka kwamba utakufa. Kulikuwa pia na pete za msiba: mtu anaacha fedha katika wosia ili rafiki zake wajinunulie pete za kumkumbuka. Shakespeare mwenyewe, katika wosia wake wa 1616, aliwaachia waigizaji wenzake watatu shilingi 26 na peni 8 kila mmoja kwa kazi hiyo. Malkia Victoria alipofiwa na mumewe Albert mwaka 1861, alivaa nyeusi mpaka alipofariki 1901, na wanawake wa Uingereza wakapenda vidani vya jeti, jiwe jeusi la mji wa Whitby. Nasema jiwe kwa mazoea tu. Kumbe ni mti uliozikwa ukagandamizwa kwa mamilioni ya miaka. Wengine walisuka nywele za marehemu, wakazitia kwenye kidani chenye kioo. Hapo hata mimi nasisimkwa.

Yangu ni ya fedha, ndogo. Nilipoinunua nilidhani nitaitazama kila asubuhi na kuwaza makubwa. Thubutu! Wiki ya pili jicho lilishaizoea, ikawa haina tofauti na kucha. Kwa hiyo naihamisha. Leo kidole cha kati, kesho kidole kidogo, wiki nyingine mkono wa kushoto. Ikiwa si mahali pake inakera, inagonga kikombe, inanasa kwenye nyuzi za sweta, na ikinikera ndipo ninapoikumbuka.

Juzi nilikuwa namwandikia mtu ujumbe mkali, mtu tuliyegombana kwa jambo ambalo hata sitalitaja kwa aibu. Dole gumba liko juu, tayari kubonyeza, pete ikagonga kioo cha simu: tk. Nikautazama ule ujumbe mara nyingine. Nikaufuta, nikampigia. Tuliongea saa nzima, nusu yake tukicheka. Usidhani nimekuwa mtakatifu. Kuna siku pete inagonga na ujumbe unaondoka vilevile.

Chanda chema huvikwa pete, walisema wahenga. Hawakusema pete ifungiwe.

Ndiyo, sasa ni zamu yako. Unanikemea kwa kuvaa mauti kidoleni, na mimi nalijua kasha lako. Herini za dhahabu alizokuachia bibi bado zimo ndani ya ile karatasi laini, zinangoja siku kubwa. Umehitimu, umeolewa, umejifungua mara mbili, na hakuna siku hata moja kati ya hizo iliyokuwa kubwa vya kutosha. Unakumbuka bibi alizivaa wapi? Alizivaa akifua. Ndiyo maana kulabu ya ile ya kushoto imepinda. Ilinaswa na shuka siku ya upepo, akatukana, akainyoosha kwa meno, akaendelea kuanika. Dhahabu haishiki kutu ukiifungia, na wala haishiki kutu ukiivaa.

Fuvu langu nalo linakwenda. Sabuni na mfuko wa suruali vimelila: pua imeshafutika, yamebaki macho mawili na meno matatu hivi. Sonara alisema anaweza kulichonga upya. Nikamwambia aliache.

Jumapili nitapita kwako. Nikute umezivaa, hata kama unadeki.