Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti kwa Wanachama, 2025

Ndugu wanachama,

Kwa mujibu wa katiba ya chama chetu cha wamiliki na waendeshaji wa vituo vya mafuta nchini Ghana, ninawasilisha kwenu taarifa ya kazi za Kamati Tendaji kwa mwaka 2025. Taarifa hii inakuja kwa maandishi, kinyume cha desturi yetu ya kuisoma mbele ya wanachama, kwa sababu Mkutano Mkuu ulioitishwa kihalali haukufikia akidi, na wale wachache waliofika kwa wakati walisubiri hadi saa sita mchana ndipo nikalazimika kuuahirisha. Suala la mahudhurio nitalirudia, kwa kuwa ndiko inakoanzia lawama kubwa iliyoelekezwa kwa Kamati mwaka huu, kuhusu barua tuliyoandika kuunga mkono kiwango cha chini cha bei ya mafuta, yaani bei ambayo kampuni haziruhusiwi kuuza chini yake.

Shughuli za kawaida mnazifahamu. Kamati ilikutana kila robo mwaka, iliwasaidia wanachama waliokuwa wakihuisha leseni zao kwa Mamlaka ya Taifa ya Petroli (NPA), iliendesha mafunzo ya zimamoto kwa wahudumu wa pampu, na iliwakumbusha wanachama umuhimu wa kuchukua sampuli mbele ya dereva kabla ya lori kushusha mafuta. Jambo hili la mwisho lina uzito wa pekee, kwa maana tangu utaratibu wa vinasaba, yaani alama za kikemikali zinazotiwa kwenye mafuta ili yatambulike, uanze mwaka 2013, tangi likikutwa na mafuta yaliyochakachuliwa au yasiyolipiwa kodi, wa kwanza kuulizwa ni mwenye kituo, hata kama uovu ulifanyika njiani. Wanachama kadhaa walinusurika mwaka huu kwa sababu sampuli zao zilikuwa zimefungwa lakiri na kutiwa saini. Nilisimama nao binafsi hadi mashauri yao yakaisha.

Kwa upande wa bei, mwaka ulikuwa mgumu pande zote mbili. Sedi iliyoanza mwaka ikiwa karibu 15 kwa dola moja ilipanda thamani kwa kasi hadi kufikia karibu 10 mwishoni mwa Mei. Mnunuzi alifurahi, na ilikuwa haki yake. Lakini mwanachama aliyejaza tangi siku za mwisho za kipindi kimoja cha bei cha wiki mbili alijikuta, tarehe 1 au 16 ilipofika, akiuza kwa bei iliyo chini ya ile aliyonunulia. Wenzetu wa miji ya kaskazini, Bolgatanga na Wa, waliumia zaidi, kwa kuwa lori linalotoka bandari ya Tema huchukua muda mrefu barabarani, na Mfuko wa Kusawazisha Bei za Petroli (UPPF) hugharimia umbali wa safari, haugharimii thamani iliyopotea wakati mafuta yangali njiani au ndani ya tangi. Kisha ikaja tozo ya nyongeza ya sedi 1 kwa lita, iliyopitishwa na Bunge tarehe 3 Juni, ikapangiwa kuanza tarehe 9, ikasogezwa hadi tarehe 16, ikasimamishwa kwa sababu ya vita vya Israeli na Irani, na hatimaye ikaanza kutozwa tarehe 16 Julai. Kwa petroli tozo ya upungufu na madeni ya sekta ya nishati ilipanda kutoka sedi 0.95 hadi 1.95, na kwa dizeli kutoka 0.93 hadi 1.93. Wahudumu wetu ndio waliowaeleza wateja sababu zake, kila asubuhi, bila msaada wa mtu.

Sasa nije kwenye uamuzi uliozusha mgogoro, yaani barua ambayo Kamati iliiandikia Mamlaka ikiunga mkono kuendelea kuwepo kwa kiwango cha chini cha bei. Barua hiyo ina saini yangu. Maneno mengi yamesemwa juu yake, baadhi yakisemwa na wanachama ambao naamini hawajaisoma, na kwa hiyo naomba nilieleze jambo hili tangu mwanzo.

Sheria namba 691 ya mwaka 2005 ndiyo iliyounda Mamlaka na kuipa kazi ya kusimamia sekta ya mafuta kuanzia uagizaji na usafishaji hadi kwenye pampu. Kwa miaka kumi ya kwanza bei ilipangwa kutoka juu, serikali ikibeba ruzuku kila siasa ilipozuia bei kupanda, na waagizaji wakidai fedha ambazo hazina haikuwa nazo. Katikati ya mwaka 2015 soko lilifunguliwa. Tangu hapo kila kampuni ya kuuza mafuta, ile ambayo kituo hubeba bango lake, hujipangia bei yake mara mbili kwa mwezi, huku Mamlaka ikibaki na kazi ya leseni, ubora, usalama, na ukusanyaji wa yale mafungu ya bei ambayo yamewekwa kisheria. Hakuna mwanachama wa chama hiki, nami nikiwemo, anayetaka kurudi kwenye zama za ruzuku.

Hata hivyo, soko huria lilileta tatizo lake. Leseni zilitolewa kwa wingi, vituo vikajengwa vikitazamana barabara moja, na kampuni zikaanza kupigania wateja kwa kushusha bei kuliko hesabu inavyoruhusu. Ndipo Aprili 2024 Mamlaka ilipoanza kutangaza, kwa kila kipindi cha wiki mbili, kiwango ambacho hakuna kampuni inayoruhusiwa kuuza chini yake. Naomba wanachama wazingatie kiwango hicho kinajengwa na nini. Kinahesabu bei ya mafuta katika soko la dunia iliyogeuzwa kuwa sedi, kodi na tozo, pamoja na mafungu ya kisheria kama vile la BOST (shirika la serikali la kuhifadhi na kusafirisha mafuta), la UPPF, la vinasaba na la usambazaji wa awali, yaani kufikisha mafuta kwenye maghala. Hakihesabu faida ya mwagizaji wa jumla. Hakihesabu faida ya kampuni. Hakihesabu hata pesewa moja ya mwenye kituo. Kwa maneno mengine, anayeuza kwa kiwango hicho hasa hajapata chochote cha kumlipa mhudumu wala umeme.

Sasa, kama mtu anaweza kuuza chini ya hapo siku baada ya siku, fedha zinatoka wapi? Ama amenunua shehena kwa bei nafuu kuliko ile ya soko la dunia inayotumika katika hesabu hiyo, ama ana mtaji wa kumeza hasara hadi jirani yake afunge, ama kodi aliyoikusanya kutoka kwa mteja haijafika serikalini. Wanaotupinga hutaja njia ya kwanza pekee, na nakiri kwamba mwagizaji mkubwa anayejaza meli nzima hupata nafuu ambayo mdogo haipati. Lakini nafuu ya aina hiyo kwa kawaida huonekana katika ile nyongeza inayotozwa na wafanyabiashara wa kimataifa, na nyongeza hiyo haimo katika kiwango cha chini, hivyo nafasi ya kumpunguzia mteja bado ipo. Njia mbili zilizobaki ndizo zinazotumaliza. Kodi ya mafuta hukusanywa ndani ya bei na huwasilishwa baadaye, na katika pengo hilo la siku mtu asiye mwaminifu anaweza kuendesha biashara yake kwa fedha za umma. Vivyo hivyo mafuta yaliyoandikwa kwamba yanakwenda nchi jirani kisha yakashushwa hapa hapa nchini hayajalipiwa kodi, na hakuna mwenye kituo mwaminifu awezaye kushindana nayo.

Kinachonisikitisha ni kwamba wanaotulaumu wamelichukulia jambo hili kama ugomvi kati ya wenye vituo na wateja. Ukweli ni kwamba mwenye kituo ndiye mnyonge katika mnyororo huu. Kampuni inapotangaza punguzo, bango linabadilishwa usiku, na asubuhi mwendeshaji anaambiwa kwamba faida yake kwa lita nayo imepunguzwa ili abebe sehemu ya punguzo hilo. Hakuulizwa. Mishahara haikupungua, jenereta halikunywa dizeli kidogo zaidi, na dhamana aliyoiweka benki inaendelea kutozwa riba. Wenzetu wa Tanzania na Kenya wanaishi na utaratibu tofauti: mamlaka zao za nishati, EWURA na EPRA, hutangaza kila mwezi bei kikomo ambayo haipaswi kuvukwa, na ndani ya kanuni ya kukokotoa bei hiyo limo fungu la muuzaji wa rejareja. Unaweza kulalamika kwamba fungu ni dogo, lakini limeandikwa. Hapa kwetu, tangu 2015, fungu letu linategemea mapatano kati ya kampuni na mwendeshaji, na mnajua nguvu ziko upande gani katika mapatano hayo. Barua yetu haikuishia kwenye kiwango cha chini. Aya yake ya tatu iliomba fungu la mwenye kituo lilindwe kwa kanuni, na aya hiyo niliiandika kwa mkono wangu baada ya rasimu ya kwanza kuisahau kabisa.

Lawama ya pili inahusu utaratibu, kwamba Kamati iliandika barua bila ridhaa ya wanachama. Kundi la wanachama, wengi wao wa Accra na Tema, ambao kampuni zao ndizo zinazouza kwa bei ya chini na foleni zao ni ndefu, limesambaza waraka likiita barua hiyo uamuzi wa mtu mmoja. Ukweli ni huu: wito wa mkutano maalumu ulitumwa mara mbili, ajenda ikiwa na kipengele kimoja tu, kiwango cha chini cha bei. Mara ya kwanza akidi haikutimia. Mara ya pili haikutimia tena, na katika waliotia saini waraka ni wachache mno ambao majina yao yamo katika daftari la mahudhurio la mojawapo ya siku hizo. Katiba inairuhusu Kamati kuamua jambo la dharura endapo mkutano umeitishwa mara mbili bila akidi, na wajumbe wote wa Kamati waliohudhuria walipiga kura ya kuunga mkono isipokuwa mmoja, ambaye maoni yake yaliandikwa katika kumbukumbu kama alivyoomba. Mjadala wa kufuta kiwango hicho ulikuwa umepamba moto, kampuni kubwa zilikuwa zinasema, waagizaji walikuwa wanasema, na vyombo vya habari vilikuwa vinawahoji wote hao bila kumuuliza mwenye kituo hata mmoja. Nilichagua tusinyamaze. Siombi radhi kwa hilo, na ningepewa nafasi ileile ningetia saini tena.

Mahudhurio hafifu yanaandamana na ada zisizolipwa. Hadi taarifa hii inaandikwa, chini ya nusu ya wanachama wamelipa ada ya 2025, na theluthi hivi ya wasiolipa wana deni la mwaka uliotangulia pia. Mweka hazina ataeleza mapato na matumizi kwa urefu wake. Kwa upande wangu inatosha kusema kwamba kodi ya ofisi imelipwa hadi Desemba, mshahara wa karani umelipwa, na gharama za ukumbi wa mikutano ile miwili isiyofanyika nilizilipa mwenyewe na sijadai kurudishiwa. Mwanachama ambaye hajalipa ada kwa miaka miwili hana kura kikatiba, lakini ana sauti kubwa sana kwenye kundi la simu. Wanachama wa kaskazini, ambao safari yao ya kuja mkutanoni ni ndefu kuliko ya yeyote, wamelipa karibu wote, na ninawashukuru kwa moyo wangu wote.

Kuhusu gesi ya kupikia nitasema kwa ufupi, ingawa najua wanachama wenye mitambo ya kujazia gesi wana wasiwasi mkubwa. Baada ya mlipuko wa kituo cha gesi cha Atomic Junction, Accra, wa tarehe 7 Oktoba 2017, uliowaua watu saba na kujeruhi zaidi ya mia moja, serikali iliamua kuelekea mfumo ambao mitungi hujazwa katika viwanda maalumu na mteja hubadilisha mtungi mtupu kwa uliojaa katika kituo cha karibu. Hakuna anayeweza kubishana na usalama wa watu baada ya usiku ule. Tunachoomba ni kwamba mwenye mtambo aliyewekeza kwa leseni halali apewe nafasi ya kwanza ya kuwa kituo cha kubadilishia mitungi. Mazungumzo juu ya hilo yanaendelea na yana dalili njema.

Kwa mwaka ujao, Kamati inatarajia kufuatilia suala la fungu la mwenye kituo hadi lipate majibu, kuangalia uwezekano wa ununuzi wa pamoja wa vifaa vya kupimia ubora wa mafuta, na kufungua tawi kaskazini pale fedha zitakaporuhusu. Tunatumaini pia kukutana na kampuni zote kuhusu mkataba mmoja wa mfano kati yao na waendeshaji.

Mkutano Mkuu ulioahirishwa utaitishwa upya, na uchaguzi wa Kamati utafanyika siku hiyohiyo. Wanachama walioniomba nigombee tena nimewakubalia. Walioandika waraka nao wanakaribishwa kusimamisha mgombea wao. Fomu zinapatikana kwa Katibu, na atakayepiga kura ni yule aliyelipa ada.

Mwenyekiti