Malalamiko: sila mliyopaka kwenye zege la nyumbani kwangu imegeuka nyeupe na inabanduka

Kwa meneja wa huduma kwa wateja,

Habari za kazi. Naandika kuhusu kazi ya sila, ile dawa ya kupaka ili zege lisinywe maji, mliyonifanyia nyumbani, pale ninapopaki gari, kibarazani na kwenye ngazi za mlango wa nyuma. Nimeshapiga simu sana, kila nikipiga naambiwa fundi atakuja na hakuna aliyekuja, ndo maana sasa naweka kwa maandishi.

Hali ilivyo ni kwamba sehemu kubwa ina mabaka meupe kama imemwagiwa maziwa, karibu na ukuta imejaa malengelenge, na pale matairi yanapokaa inatoka vipande vipande, ukikwangua na ukucha tu inafuata.

Nataka mjue kwamba nililisema hili mapema. Niliwaambia mafundi wenu zege bado bichi, halijatimiza zile siku 28 ambazo watengenezaji wengi wa sila za akriliki kama hiyo mliyopaka, zinazoweka ngozi kama ya plastiki juu ya zege, wanasema lisubiri, na tena usiku wa kuamkia siku mliyopaka mvua ilikuwa imenyesha. Wakanijibu juu pamekauka. Sawa juu pamekauka lakini ndani je? Zege lina vinyweleo, yaani vitundu vidogo sana, maji yaliyo ndani lazima yatoke, na mkiyafunika na ngozi ya akriliki yanakwama chini yake, yanaifanya iwe nyeupe na mwisho yanaisukuma ibanduke. Kupima mngeweza kabisa, kipande cha nailoni kama sentimita 45 kwa 45, unakibandika kwa tepu kingo zote, unakiacha angalau masaa 16, ukibandua ukakuta matone au zege limekolea rangi basi unyevu bado upo. Hilo halihitaji hata mashine jamani!

Halafu walipaka koti moja zito ili wamalize haraka, tena jua likiwa kali. Akriliki inatakiwa koti mbili nyembamba, ukiiweka nene juani inakauka juu kwanza na tina, kile kiyeyushi chake, iliyobaki chini inatafuta pa kutokea, hayo malengelenge ndo yametokea hapo.

Kinachoniumiza zaidi ni ngazi. Hawakuchanganya ule unga wa kuzuia utelezi, na sasa zikilowa hazipitiki. Mama yangu mzazi ameponea chupuchupu kuanguka pale, tangu siku hiyo anazungukia mlango wa mbele hata kama kuna mvua, mtu mzima anaogopa ngazi za nyumbani kwake kwa sababu ya kazi yenu. Hili naomba mlichukulie kwa uzito wake.

Mtu wenu mmoja alinitumia meseji kwamba mtakuja kuongeza koti nyingine juu. Hapana, hilo sikubali. Koti mpya itashika kwenye koti ambayo yenyewe haijashika, kwa hiyo zitabanduka zote mbili. Najua kwamba pale palipokuwa peupe tu bila kubanduka kuna mafundi wanapitisha kiyeyushi kinachoitwa zaileni ili akriliki ilainike na unyevu utoke, lakini kwangu imeshaachia sehemu nyingi mno, huko tumeshapita.

Ninachotaka ni mje muitoe yote kwa dawa ya kubandulia, kwa gharama zenu, na uchafu wake muukusanye muondoke nao, msiusukumie kwenye mfereji wala kwenye mimea yangu. Zege lioshwe, likauke kweli, mlipime mbele yangu. Mkidondoshea maji yakanywewa na zege likakolea rangi, tutajua sila ya zamani imetoka, maana ikibaki hata kidogo ile mpya haitapenya. Baada ya hapo mpake sila ya kupenya, ya kemikali za sileni au siloxeni, ambayo inaingia kwenye vinyweleo na kuzuia maji ya juu huku mvuke wa ndani ukiendelea kutoka, na haiachi ngozi ya kubanduka wala ya kuteleza. Haing'ai, najua, ila mimi sikuwahi kuomba mng'ao, niliomba zege lisinywe maji.

Kama hamuwezi, nirudishieni hela yangu yote pamoja na gharama ya kuibandua nitafute fundi mwingine. Nawapa siku 14 kuanzia mpatapo barua hii, na ngazi naomba mzianze kabla ya sehemu nyingine yoyote. Picha nimeambatanisha. Jibu nalitaka kwa maandishi, likiwa na jina la atakayesimamia kazi.

Ni mimi mteja wenu.