Sampuli za pua za watoto wasiougua zina kazi yake

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nimjibu msomaji aliyelalamika kwamba watafiti wa vimelea huku Pwani ya Kenya wanapoteza fedha kwa kuchukua sampuli puani mwa watoto wasiougua chochote, ilhali wodi zina watoto wanaohema kwa nimonia. Uchungu wake naufahamu, lakini hoja yake imesahau mwenendo wa bakteria wenyewe.

Bakteria wa nimokokasi, ambao ni miongoni mwa visababishi vikuu vya nimonia na homa ya uti wa mgongo kwa watoto, hawazaliwi hospitalini. Makao yao ni nyuma ya pua, inapokutana na koo, na watoto wengi huwabeba huku wakila, wakicheza na kulala vizuri. Kutoka hapo huhamia kwa ndugu, kwa mama na kwa nyanya kwa njia ya chafya na mate, na mara mojamoja, hasa mtoto anapopata mafua, huteremka hadi mapafuni. Anayehesabu wagonjwa wa wodini peke yao anauona mwisho tu wa safari hiyo.

Kazi yenyewe ni ya subira. Kijiti chembamba chenye ncha ya nyuzi laini huingizwa puani taratibu, huzungushwa, kisha hutiwa katika kichupa chenye maziwa yasiyo na mafuta, glukosi na gliseroli, na kuhifadhiwa katika baridi ya nyuzi 80 chini ya sifuri. Baadaye sampuli hupakwa kwenye sahani yenye damu ya kondoo na kuachwa usiku kucha katika joto linalokaribia la mwili. Asubuhi nimokokasi huonekana kama vidoa vidogo vilivyozungukwa na rangi ya kijani, na vilivyokomaa hubonyea katikati mithili ya kete za drafti. Kwa kuwa wapo bakteria wa kinywani wanaofanana nao mno, huwekwa kikaratasi chenye dawa ya optokini: nimokokasi hushindwa kuota kukizunguka, wale wengine huota bila shida. Ndipo hufuata utambuzi wa aina, ambapo mtaalamu hutumia kingamwili maalumu na kutazama kwa hadubini ni ipi inayofanya ganda la bakteria lionekane limevimba.

Aina hizo ndizo zinazonifanya niandike. Zimetambuliwa zaidi ya 90, ilhali chanjo iliyoanza kutolewa Kenya mwaka 2011 ililenga 10. Utafiti wa Kilifi ulionyesha kwamba miongoni mwa watoto wa chini ya miaka mitano, wabebaji wa aina zilizolengwa na chanjo walishuka kutoka takribani 34 katika kila 100 hadi 13, na hata miongoni mwa watu wa umri mkubwa zaidi, ambao hawakulengwa na chanjo, idadi ilipungua kwa karibu nusu. Magonjwa makali ya aina hizo kwa watoto wadogo yalipungua kwa asilimia 92. Bila sampuli za pua, tungeona watu wazima nao wamenusurika tusijue kinga hiyo wameipata wapi.

Tena pua haikai tupu. Aina zilizofukuzwa huacha nafasi, na nyingine huingia. Marekani, baada ya chanjo ya kwanza ya watoto ya mwaka 2000, ilishuhudia aina iitwayo 19A ikienea, na mara nyingi ikiwa sugu kwa antibiotiki. Mabadiliko ya namna hiyo huonekana puani mwa watoto wasiougua kabla hayajawa msiba wodini.

Msomaji mwenzangu ana haki katika jambo moja: hospitali nyingi zisizo karibu na vituo vya utafiti haziotheshi bakteria kutoka katika damu ya mgonjwa ili kuwatambua, na daktari hulazimika kuchagua dawa kwa kukisia. Hilo ni dai halali kwa serikali za kaunti, ambazo zinapaswa kununua sahani, kuajiri wataalamu na kuhakikisha umeme haukatiki. Kuwanyang'anya watafiti vijiti vyao hakutaiongezea wodi hata chupa moja ya damu iliyopimwa.

Gazeti lako likiirudia habari hii, naomba mwandishi amuulize mtafiti ni aina zipi zinazoongoza sasa puani mwa watoto wetu, ni dawa zipi zimeshindwa kuziua, na kama chanjo tunayotumia bado inazifikia.

Mtaalamu wa maabara,
Mombasa