Kabla ya kuuliza wati, tazama boksi

Wapiga gitaa la besi wengi wanaotuletea amplifaya huja na neno moja: "Fundi, haina nguvu, nataka ya wati nyingi." Sisi kwanza tunafungua wavu wa mbele wa boksi la spika tutazame spika.

Ukitoka wati 100 ukaenda 200, umeongeza desibeli 3 tu (desibeli ni kipimo cha ukubwa wa sauti). Utaisikia tofauti, ila haitakushangaza. Ili sikio lione sauti imekuwa maradufu, zinahitajika kama desibeli 10, yaani nguvu mara kumi. Sasa chukua spika mbili: kwa wati 1, ukisimama mita 1, moja inatoa desibeli 94, nyingine 97. Aliyenunua ya pili amepata wati 200 kwa bei ya 100. Tarakimu hiyo haibandikwi mbele kwa herufi kubwa, iulizie.

Halafu boksi lenyewe. Uzi wa E wa besi ya nyuzi nne ni hezi 41 hivi, yaani mitetemo 41 kwa sekunde. B ya besi ya nyuzi tano inashuka hadi 31. Boksi likiwa dogo, likitakiwa lishuke huko na bado lipaze sauti kwa umeme kidogo, kuna kitu litakunyima. Boksi lenye tundu husaidia mpaka kwenye masafa liliyopangiwa. Chini ya hapo hewa ya ndani haiishiki tena koni, ile sehemu ya spika inayotetema. Mteja mmoja alipiga B yake, tukaiona koni ikienda mbele na nyuma kama unene wa kidole, huku kinachosikika ni mkwaruzo tu. Alikuwa amezungusha kitufe cha besi cha amplifaya hadi mwisho. Tukaipunguza nusu, sauti ikaja safi na, kwa mshangao wake, kubwa zaidi. Ndiyo maana tunaipenda amplifaya yenye kichujio kinachokata masafa ya chini kabisa, hata kama haina mapambo mengine.

Valvu, zile taa za kioo za amplifaya za zamani? Amplifaya ya Ampeg SVT ya 1969 ilikuwa na valvu 14 na wati 300, ikapewa boksi lililozibwa la spika nane za inchi 10. Tunaipenda sauti yake. Migongo yetu haiipendi. Amplifaya za kisasa za daraja D, aina isiyopoteza umeme mwingi kwa joto, hutoa wati nyingi kuliko hizo na unazibeba kwa mkono mmoja.

Jambo la omu, kipimo cha jinsi spika inavyozuia umeme, linaunguza vifaa vya watu. Wati 500 zilizoandikwa mara nyingi ni za omu 4. Ukichomeka boksi moja la omu 8 utapata kama nusu hivi. Ukiunganisha mawili ya omu 8 sambamba unafika 4. La tatu linakushusha chini ya 3, na amplifaya nyingi hapo hujizima au huungua. Na usitumie kebo ya gitaa kwenda kwenye spika. Nyaya zake ni nyembamba, zitapata moto.

Ukija kuchagua, njoo na gitaa lako mwenyewe, na upige noti zako za chini kabisa kwanza.