Usikubali puti kwanza

Yakhe Hamadi,

Assalaam alaykum. Huku kwetu hatujambo, watoto wazima, mama anakusalimu mno.

Makame kapita jana, kaniambia dafu lilimponyoka mkwezi likaangukia boneti ya gari yako, na Jumamosi unaipeleka kwa fundi wa bodi akaikwangue, atie puti, ile lipu ya kufukia bonyeo, na kuipiga rangi upya. Tafadhali ngoja kwanza.

Anasema imebonyea tu, rangi haikupasuka. Ikiwa ndivyo, bonyeo hilo hutolewa bila ya kupaka chochote. Rangi ile imeokwa kiwandani Japani kwa joto la zaidi ya nyuzi 100, bodi ikiwa tupu, haijatiwa mipira wala taa. Gereji haiwezi kuiweka gari nzima kwenye joto lile. Na hapo Mkoani ulipo, upepo wa bahari usiku na mchana, bati likishakwanguliwa kutu haichelewi.

Vifaa ninavyo, Makame atakuja navyo kwa boti. Vyuma virefu vyenye ncha zilizopinda hupita chini ya boneti, baina ya mbavu zake. Unasukuma kidogo kidogo, kuanzia pembezoni mwa bonyeo kuelekea kati. Taa ya tyubu iweke ubavuni, uangalie mwanga wake juu ya rangi: penye bonyeo mstari hupinda, na kila unaposukuma pahala penyewe utauona unajinyoosha. Ukienda kwa pupa kitatokeza kinundu, nacho hugongwa taratibu kwa kijiti cha plastiki na nyundo ndogo.

Pasipofikika kwa chuma, kuna vibandiko vya plastiki. Unavitia gundi ya moto, unabandika, ikipoa unavuta, kisha gundi unaiachisha kwa spiriti. Ila boneti ikiwa iliwahi kupigwa rangi upya, vibandiko hivyo usiviguse, vitaibandua rangi.

Fundi wako simlaumu, puti ndiyo kazi aliyofunzwa. Lakini akishaikwangua, ndiyo basi tena. Mwambie asubiri hata wiki moja.

Bonyeo liko kati au ukingoni? Ukingoni bati ni gumu, kazi yake ni nyingine. Ukipitisha ukucha, unakwama popote? Gari uliinunua na rangi yake ileile? Na mkweo vipi, kapata nafuu? Ng'ombe keshazaa? Nijibu kabla ya Ijumaa, Makame asije akaondoka mikono mitupu.

Wasalaam,
Suleiman